Matanga ya Binti wa Altareni

Kanisa letu la zamani, lile la kilimani kule Kirushya, lilikuwa na mgongo wa mviringo. Mbele lilikuwa na kona kama nyumba ya Mzungu, nyuma lilikuwa msonge. Halikuchorwa hivyo. Padri aliyelianzisha alipiga vigingi, akavuta kamba, akaonyesha kona zote, akarudi zake parokiani. Mafundi walikuwa wazee wetu, na maisha yao yote hawajawahi kujenga kitu chenye kona. Mbele walijitahidi. Walipofika nyuma mikono ikakataa, ikarudi kwenye kazi iliyoizoea. Padri alipokuja tena alikuta ukuta umepinda taratibu kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Wanasema alizunguka nje kimya, akazunguka tena, kisha akacheka. Akasema hata kwao makanisa ya kale yana mgongo wa namna hiyo, na humo kwenye mviringo ndimo altare inamokaa. Wazee wakajiona wamefanya jambo kubwa.

Mimi niliolewa nikalikuta limeshazeeka. Mume wangu alikuwa katekista, kwa hiyo kulifagia ilikuwa kazi yangu. Ukuta wa nyuma ulivikwa matete yaliyosukwa, meusi kwa meupe, mistari ikipanda mpaka chini ya paa. Hiyo ilikuwa kazi ya wanawake waliotutangulia. Matete meusi yalikuwa yamelazwa kwenye tope la mtoni mpaka yakashika rangi, na miaka yote ile rangi haikutoka. Madirisha yalikuwa matundu tu, hayana vioo. Asubuhi ukungu wa bondeni uliingia humo bila kubisha, ukakaa kati ya watu. Jua likichomoza lilikuta ukungu bado umo ndani, basi kanisa zima likawa kama kibuyu kilichojaa maziwa, na watu wakionekana vichwa tu, wakisali. Siku nyingine nilifagia peke yangu katika weupe ule, sikuona miguu yangu wala ufagio. Nilisikia tu sauti ya ufagio, kana kwamba mtu mwingine ndiye anayefagia.

Altare ilikuwa ya matofali mabichi, ila juu yake, katikati, palikuwa na jiwe jeupe bapa, upana wake kama sinia. Katikati ya jiwe palichimbwa kishimo, na kishimo kikafunikwa kwa kijiwe kilichoshikizwa kwa saruji. Humo ndimo yalimokuwa masalia ya mtakatifu, maana yake kipande cha mfupa wake. Alikuwa msichana aliyeuawa Roma, zamani sana, kwa kukataa kumkana Mungu. Bila mfupa ule, padri alisema, Misa haisomwi hapo. Jina lake alilitaja kwa Kilatini. Lilikuwa refu, likatuponyoka kabla hatujafika mlangoni. Wanawake wakamwita Binti, ikatosha.

Aliyempenda Binti kuliko wote alikuwa mama mkwe wangu. Kwetu tunasema mabukwe. Alikuwa mwanamke mkavu, hacheki ovyo, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Alipoolewa alikanyaga udongo wa matofali ya kanisa lile kwa miguu yake. Isipokuwa mume wangu, aliwazika watoto wake karibu na ukuta wa mviringo, wadogo wote, na mume wake akamzika hapohapo. Aliposikia habari ya mfupa, aliielewa upesi kuliko sisi.

"Kwa hiyo humu mna mtu," alisema.

"Mna masalia, mama," mume wangu akamsahihisha.

"Ndicho nilichosema. Mna mtu. Nyumba yenye mtu haiachwi peke yake."

Tangu siku hiyo hakupita mbele ya kanisa bila kuingia. Akivuna maharage mapya alimwekea Binti konzi moja chini ya altare. Mume wangu aliyaondoa. Kesho yake yakarudi.

Kisha ikaja Operesheni ya vijiji. Sitaki kusimulia mengi, kila mtu wa umri wangu ana yake. Tuliambiwa tushuke kilimani tukakae pamoja barabarani, tupate shule, zahanati na maji. Mimi sikukataa. Nilichoka kupanda na mtungi. Wengine walilia, wengine walichelewa mpaka paa zao zikaondolewa wakiwa wanaangalia. Lori lilikuja asubuhi ya ukungu. Tulisikia mngurumo wake muda mrefu kabla ya kuliona, ukitoka kila upande, kama vile kilima chenyewe kinakohoa.

Mabukwe aliketi kanisani, mgongo kwenye ule ukuta wa matete.

"Mimi siendi," alisema. "Nimewaacha wangu hapo nje, hao siwezi kuwachimbua. Lakini huyu analala juu ya ardhi. Huyu anabebeka. Akibaki, nabaki."

Mume wangu alisema hana ruhusa ya padri kugusa jiwe. Mgambo mlangoni alisema hana ruhusa ya kungoja. Nikaona wanaume hawa watasimama hapo na ruhusa zao mpaka jua litue. Nilivua kanga ya pili, nikakwangua udongo pembeni, nikalitoa jiwe, nikalifunga. Nikasokota ngata, nikajitwika. Lilikuwa zito, shingo ikalia. Mabukwe akainuka, akanifuata nyuma kama watu wanavyofuata maiti.

Mwenye lori alinizuia. "Mama, vyombo na chakula tu. Mawe yako hata huko."

"Hili ni la kusagia."

"Na kule hakuna mawe ya kusagia?"

"Wewe unaoa kwa sababu kwenu hakuna wanawake?"

Wenzake wakamcheka, akanipa mkono nikapanda. Tulishuka kilima tumesimama juu ya mikeka na kuku, ukungu ukifungua na kufunga. Nilipogeuka kanisa lilikuwa halina mbele wala kona. Niliuona mgongo wake tu, umejikunja kwenye weupe. Halafu hata huo sikuuona.

Kijiji kipya kilikuwa mstari mrefu. Nyumba hii, nyumba ile, zote zikitazama barabara. Tulikuwa tumezoea kukaa kila mtu na migomba yake, jirani unamjua kwa moshi. Sasa usiku mtu akikohoa, kijiji kizima kilijua ni nani. Miezi ile ya kwanza naikumbuka kama homa: vumbi, miti michanga, sauti za watu wengi, na kila asubuhi kuamka na kutafuta mlango upande usiokuwa wake. Jioni nilijifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima, na herufi nazo nilizichanganya na zile nyumba zilizopangwa mstari.

Jiwe lilikaa kwetu, kwenye kona ya ndani, juu ya kigoda, chini ya kitambaa. Padri mpya wa parokia, kijana wa kwetu, Mhangaza mwenzetu, hakutukemea. Akija na pikipiki yake tulilitoa uani, tukaliweka juu ya meza, akasoma Misa. Alituambia tujenge kanisa. Likipata paa, jiwe litaingia, atalibariki, na mambo yatakuwa kama zamani. Tukaanza kufyatua matofali siku ambazo hatukuwa kwenye shamba la kijiji.

Mabukwe aliniambia mara moja tu alichokitaka, tukichambua maharage. "Nikifa, Misa yangu isomwe juu ya Binti. Msinisomee juu ya meza tupu. Wafu wangu wote nimewaacha juu, ni yeye tu niliyeshuka naye." Akapuliza makapi. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi usinijibu kama mtu anayesinzia."

Yeye ndiye aliyemtunza. Kila Jumapili alilipaka jiwe samli, kama anavyopakwa mgeni wa heshima aliyetoka mbali, ngozi imepauka. Jiwe likawa la manjano, laini, linang'aa, likinukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mume wangu alisema haimo katika kitabu. Mabukwe alimwambia hata yeye mwenyewe hakuwamo katika kitabu alipopakwa samli akiwa mchanga, na bado amekua. Hakuna aliyefikiri kwamba samli inatembea. Kidogo kidogo iliingia kwenye ule ufa mwembamba, ikanywea kwenye saruji, na saruji yenyewe ilikuwa ya zamani, ya watu waliokwishakufa.

Wakati huo vita vya mpakani vilikuwa vimeanza. Vijana wa mgambo walichukuliwa kijijini, mdogo wangu mmojawapo. Malori yalipita barabarani kuelekea Biharamulo na mbele zaidi, yamejaa wanaume wanaoimba, na vumbi lao lilibaki hewani baada ya nyimbo kwisha. Habari hazikuja. Sukari iliadimika, sabuni ikaadimika, na wanawake wakawa hawaulizani kitu. Ukimwuliza mwenzako habari za mwanawe ni kama unamwombea mabaya. Na kumlilia mtu ambaye hujaambiwa amekufa ni mwiko. Tulilima tu, vichwa chini.

Jumapili moja mabukwe alikuwa anapaka. Nikasikia mkono wake umeacha kusugua, nikamgeukia. Kijiwe cha kufunikia kilikuwa kimetoka mkononi mwake, kizima, kama kifuniko cha kibuyu. Ndani ya kishimo palikuwa na kitambaa kilichokaribia kuwa vumbi, na juu yake mfupa. Mdogo. Mdogo kama punje ya ulezi. Tuliinama pale, vichwa vikigusana, mwanga wa mlangoni ukituangukia mabegani, nami nikaona kana kwamba nyumba imesogea mbali, na barabara, na vita, tumebaki sisi watatu.

"Ni mtoto," mabukwe alisema.

Akakirudisha kijiwe mahali pake, kikakaa bila kushika. Akafunika jiwe kwa kanga. Kisha akatoka nje, akachukua jembe lake, akalilaza chini ukutani. Kwetu jembe likilazwa hivyo ni msiba. Mfupa wa mtu ukishauona kwa macho, umemwona maiti, na maiti huwezi kumwona ukaenda kulima. Ardhi haichimbwi mpaka tanga liondolewe.

Jirani alipita akaliona jembe. Hakuuliza ni nani. Alikwenda kwake akalaza lake, akaja akaketi. Mpaka jua linapanda, uani palikuwa pamejaa wanawake, na kilio kikaanza. Nisikilizeni vizuri: nimelia misiba mingi, ule sijawahi kuusikia tena. Walimlilia Binti, wakamwita mwanangu, wakamwuliza kwa nini hakuaga, ni nani alimfumba macho, ni nani alimpa maji ya mwisho. Kila mmoja alikuwa anamwuliza mtu wake. Mimi pia.

Kesho yake ilikuwa siku ya shamba la kijiji. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kwa hasira, fimbo mkononi. Alikuwa Mwislamu, wa ukoo wa siku nyingi wa Biharamulo, mtu wa haki lakini mwenye kelele.

"Shikamoo, mama," alimwambia mabukwe.

"Marahaba."

"Poleni. Mbona sikuletewa habari? Nani amefariki?"

"Binti."

"Binti wa nani?"

"Wa kanisani."

Alitazama huku na huku. "Amefariki lini?"

"Zamani."

"Zamani ipi, mama? Juzi?"

"Zamani ya Roma."

Mwanamke mmoja alijifunika kanga mdomoni, mabega yakamtikisika. Mwenyekiti akamwona. "Mnanichezea! Askari huko mbele wanakula mahindi. Hawali matanga!"

"Sawa," mabukwe alisema. "Siku yako ukifa, tutakwenda kulima kwanza. Jioni tukipata nafasi tutakuja kukuzika."

Mwenyekiti alikuwa mtu mzima, alijua ameinua sauti kwenye uwanja wa msiba. Alivua viatu, akaketi ukingoni mwa mkeka, fimbo akailaza nyuma yake. Baada ya muda akauliza kwa sauti ya chini, "Huyo binti. Amezikwa?"

"Hajazikwa. Tangu auawe hajawahi kuzikwa. Wanambeba tu."

"Hilo halifai," mwenyekiti alisema.

"Ndiyo nasema na mimi."

"Kweli halifai." Akakaa nasi mpaka adhuhuri. Alipoinuka aliomba tumwambie siku ya kuondoa tanga, apate kuitangaza.

Mume wangu alikwenda kumwarifu padri, lakini habari ilifika parokiani kabla yake. Padri alikuja kwa baiskeli, petroli haikuwapo. Alikuwa mwekundu wa vumbi mpaka kope. Alikuta mkusanyiko, majembe yamelazwa, akaelewa nusu na nusu akaikataa. Akaomba kuona. Alilifunua jiwe, akakiinua kijiwe kwa kidole kimoja, akafunga macho.

"Bibi," alimwambia mabukwe, "jiwe likishafunguka hivi si altare tena. Ni jiwe tu."

"Na yeye? Si mtu tena?"

"Yeye ni yuleyule. Ila siwezi kumwacha hapa. Ni lazima nimpeleke kwa askofu. Akiona vyema atafungiwa upya. Na kama hakuona vyema, tutaletewa jiwe jingine."

"Lenye nani?"

"Mtakatifu mwingine."

"Simjui huyo," mabukwe alisema. "Kwenye msiba hawakuletei mtoto mwingine."

Padri alijipangusa uso. Mabukwe hakulia wala hakumwomba. Alimwambia mambo mawili. La kwanza, jiwe linabaki, maana ni nyumba ya mtu, na nyumba haihamishwi mwenyewe akiwa safarini. La pili, mtu hatolewi kwenye matanga kabla hayajaondolewa, na lazima awepo ndugu wa marehemu wa kusema. "Sisi ni majirani tu. Anayejua ukoo wake ni wewe. Wewe ndiye ndugu."

Hapo ndipo nilipomheshimu padri yule. Angeweza kutufukuza. Alikuwa na kola nyeupe na sisi tulikuwa na makosa. Lakini na yeye alizaliwa na mwanamke wa Kihangaza. Alilala kwa mwenyekiti, na siku ya kuondoa tanga akasimama uani kama ndugu anavyosimama. Akaeleza Binti alikuwa nani, mji wake, umri wake, walivyomtisha na alivyowajibu. Alisema kwa Kihangaza, taratibu, na palikuwa na manyunyu mepesi yasiyolowesha, yanayoning'inia tu kwenye nywele. Niliiona Roma kwa mara ya kwanza: kilima chenye migomba, na msichana anashuka kati ya askari, na kanga yake imelowa. Najua Roma haina migomba. Hivyo ndivyo nilivyoiona.

Kisha wanawake wakainua majembe, tukaikwaruza ardhi mlangoni kwa pamoja, tukanawa, tukanywa rubisi, hiyo pombe yetu ya ndizi. Mwenyekiti alikunywa maji. Padri akaufunga mfupa katika kitambaa cheupe, akautia katika kikopo chake cha Komunyo ya wagonjwa, akakiweka mfukoni mwa shati, upande wa moyo.

"Utamrudisha?" mabukwe aliuliza.

"Askofu akikubali, bibi."

"Sikukuuliza habari za askofu."

Padri alishika usukani wa baiskeli, akatazama chini. "Nitamrudisha," alisema.

Tulingoja. Kanisa jipya lilipata kuta, likapata nyasi, jiwe likawekwa mahali pake likiwa na kishimo kitupu. Mabukwe alikwenda kila siku. Macho yalikuwa yamefifia, akawa anaongozwa na ukuta. Alitia kidole kwenye kishimo, akakaa hivyo, kama mtu anayepima kama maji yamepoa. Padri hakuja. Waliokuja walisema njia zimejaa jeshi, askofu hapatikani, padri ni mgonjwa, padri amehamishwa. Mabukwe alianza kukonda. Chakula alikisogeza. Aliniita akanirudia maneno yake: si juu ya meza tupu, wala juu ya jiwe tupu. Mume wangu alimwambia Mungu hahitaji mfupa. Akamjibu, "Mungu hahitaji. Ninayehitaji ni mimi." Niliona kweli atakufa katika kungoja, na nikaanza kumkasirikia padri kwa jina lake la ubatizo, kila nilipoinua jembe.

Vita vilikwisha. Vijana wakaanza kurudi, wengine. Mdogo wangu alirudi, mwembamba, hasemi. Malori yalishuka kutoka Biharamulo na vumbi lao lilelile, nyimbo nyingine. Asubuhi moja, nyuma ya lori lililobeba magunia, alishuka padri na mkoba. Hakuwa mgonjwa, hakuwa amehamishwa. Alikuwa amengoja zamu kwa askofu kama watu wengine wanavyongoja sukari.

Alimfungia Binti mbele yetu. Alikuwa na kijiwe kipya, saruji, na muhuri wa nta kutoka kwa askofu. Mabukwe tulimleta kwa kumshika mikono. Saruji ilipokauka aliizungushia ukucha, polepole, akirudi alikotoka, uso wake umegeukia dirishani.

"Huko alilala wapi?" aliuliza.

"Kwenye kabati ya askofu, bibi."

"Na nani?"

Padri akafikiri. "Na wengine. Watakatifu wako wengi humo."

"Afadhali," mabukwe alisema. "Samli nimekatazwa?"

"Umekatazwa kabisa."

"Sawa."

Tulidhani sasa amepata, atakwenda. Hata kitanda tulikisogeza karibu na mlango ili watu wapate nafasi ya kumuaga. Akaomba uji. Akasema hauna chumvi. Akaishi tena miaka, mkali vilevile, mchana kutwa ameketi kwenye kizingiti cha kanisa, na padri akija, kila alipotaka kuondoka mabukwe alimpapasa mkoba, asije akaondoka na kitu.

Alipokufa lilikuwa kanisa la bati tayari, na mvua ilikuwa ya masika. Misa yake ilisomwa juu ya lile jiwe. Nilisimama mbele kabisa, niliona midomo ya padri ikienda na mikono yake ikifunguka, lakini mvua ilipiga bati kwa nguvu hata neno moja halikutufikia. Tuliitikia kwa kukisia.